Gari dogo la matopeni na majini: faida kwa mmiliki, gharama kwa ardhi

Magari madogo ya magurudumu sita au manane yanayopita matopeni na kuelea majini yalianza kuundwa nchini Kanada mwanzoni mwa miaka ya 1960, la kwanza kujulikana likiwa Jiger. Mwaka 1967 kampuni ya Ontario Drive & Gear ya mji wa New Hamburg ikaanza kuunda Argo, ambalo limeenea kuliko mengine yote. Kaskazini mwa jimbo la Ontario kuna eneo kubwa lisilo na barabara, na majira ya joto ardhi yake huwa vinamasi, vijito na maziwa yaliyopakana, ambamo pikipiki ya magurudumu manne hukwama na mashua hukosa kina. Haja ya kupita mahali pa namna hiyo ni ya kweli. Linalobishaniwa, hasa Alaska na katika nyanda za juu za Uskoti, ni iwapo mtu binafsi aachiwe kukipeleka chombo hiki popote kinapoweza kufika. Kwa maoni yangu, ubishi huu hauwezi kuamuliwa bila kuangalia kwa makini namna gari hili linavyokata kona.

Bodi yake ni plastiki nene iliyofinyangwa kwa kipande kimoja, mfano wa beseni refu, na ndiyo inayolifanya lielee. Ekseli hutokeza nje kupitia matundu yenye beringi na sili za kuzuia maji, na ndani ya bodi, chini ya sakafu, minyororo huunganisha magurudumu yote ya upande mmoja ili yazunguke pamoja. Mengi ya magari haya hayana springi wala shokomzoba. Kazi hiyo hufanywa na tairi pana zinazojazwa upepo wa paundi mbili hadi nne hivi kwa inchi mraba, ilhali tairi la gari la kawaida hujazwa paundi 30 na ushei. Matokeo yake ni kwamba chombo chenye uzito wa karibu nusu tani, kikienda moja kwa moja, hugandamiza ardhi kwa nguvu ndogo kuliko unyayo wa mtu anayetembea. Watetezi wake huanza na hoja hii, nao wana haki.

Hoja yao ya pili ni ya kazi. Uskoti haina tena mbwa mwitu wa kupunguza kulungu wekundu, na kulungu wakizidi hula miche yote hata msitu ukashindwa kuota upya. Kwa hiyo ni lazima wawindwe kila mwaka, na mizoga iteremshwe kutoka milimani. Zamani kazi hiyo ilifanywa na farasi wadogo wa huko, na baadhi ya mashamba bado huwatumia, lakini kwingi sasa hufanywa na Argo. Alaska, sheria ya ardhi ya mwaka 1980 iliwahakikishia wakazi wa vijijini haki ya kuzifikia ardhi za umma kwa ajili ya riziki yao, na mtu anayetegemea nyama ya msimu mmoja kulisha nyumba yake hawezi kuambiwa aibebe mgongoni kuvuka kilomita kadhaa za kinamasi. Wapo pia mafundi wa nyaya za umeme, waokoaji wakati wa mafuriko, na wazee ambao miguu imewakatalia.

Sasa tuje kwenye kona. Magurudumu ya gari hili hayapindi. Dereva akitaka kwenda kushoto, hupunguza mwendo wa magurudumu ya kushoto au huyafunga breki, na yale ya kulia yakaendelea kusukuma. Gari huzunguka huku matairi yakiburuzwa kiubavu. Penye mwamba hakuna madhara. Penye udongo wa mboji uliolowa maji, meno ya matairi hunasa tabaka la juu la mimea, likachunika na kukunjamana pembeni, na chini yake hubaki tope jeusi linalometameta. Mboji hujengeka kwa takriban milimita moja kwa mwaka, kwa hiyo kidimbwi chenye kina cha sentimita kumi kilichochimbwa na kona moja ya ghafla kimeondoa kazi ya miaka mia moja.

Alaska madhara huenda mbali zaidi, kwa sababu mimea ile huifunika ardhi iliyoganda mwaka mzima na kuizuia isipate joto. Ikichunwa, barafu ya chini huyeyuka, njia hudidimia na maji hutuama. Dereva anayefuata hulikwepa dimbwi kwa kupita kando, wa tatu hulikwepa lile la pili, na njia moja hugeuka kuwa mkeka wa njia. Hayo yametokea katika hifadhi ya Wrangell-St. Elias, yenye zaidi ya hekta milioni tano, ambako magari ya aina mbalimbali yalipanua baadhi ya njia kwa kiasi cha kuzilazimu mamlaka kupanga upya matumizi yake. Hatari ya jumla ilijulikana mapema: Rais Nixon alitoa amri ya kudhibiti magari ya nje ya barabara katika ardhi za umma za Marekani mwaka 1972, na Rais Carter akaikaza mwaka 1977.

Watetezi hujibu kwamba pikipiki za magurudumu manne nazo huchimba ardhi. Ni kweli, tena mara nyingi huchimba kwa kina zaidi, kwa kuwa tairi zake zina upepo mwingi. Lakini pikipiki hizo hufika ukingo wa kinamasi zikageuza, na kule kushindwa kwake kumekuwa ulinzi wa kinamasi chenyewe. Chombo kisichoshindwa huuondoa ulinzi huo, na hapo ndipo ninapoona hoja ya wapinzani ikiwa na nguvu kuliko wanavyoieleza wenyewe.

Kona hizohizo humtoza mmiliki pia. Kila mburuzo huchosha minyororo na kupasha breki joto, na kila safari ya majini huzijaribu sili na beringi, ambazo hazina budi kutiwa grisi mara kwa mara. Anayenunua gari lililotumika afungue sakafu akague minyororo na sproketi (magurudumu yenye meno yanayoishika minyororo hiyo) kabla ya kusikiliza injini, kwani upande mmoja ukikosa nguvu, gari halina namna nyingine ya kujiongoza. Na kununua jipya ni gharama inayokaribia ile ya gari la familia.

Kuhusu maji, sifa zimetiwa chumvi. Likisukumwa na meno ya matairi tu, gari huenda kilomita nne au tano kwa saa, kasi ya mtu anayetembea, na upepo wa wastani hulipeleka linakotaka upepo. Idadi ya watu linaowabeba majini ni ndogo kuliko nchi kavu, na kingo za bodi haziko juu sana ya maji. Dereva makini huhakikisha vizibo vya chini vimekazwa, hujaribu pampu ya kutoa maji, huvaa jaketi la kuokolea na kuingia polepole, pua mbele, mahali ambapo ng'ambo anaona pa kutokea. Ni chombo cha kuvukia bwawa. Mto wenye mkondo mkali si mahali pake.

Kupiga marufuku moja kwa moja kungewaumiza wenye haja, na kuachia huru kungewapa wachache wapenda matembezi haki ya kuharibu kisicho chao. Ninaunga mkono njia ya kati iliyojaribiwa Alaska: kuhamishia njia kwenye ardhi ngumu, na pale pasipohamishika kutandika vigae vya plastiki vyenye matundu, ili gari lipite juu na nyasi ziote katikati. Kazi hiyo ni ghali, hasa mbali na barabara, na ninaona ni haki gharama yake itoke katika ada ya usajili wa magari haya, huku wakazi wanaowinda kwa ajili ya chakula wakisamehewa ada hiyo.