Mario Pani na lawama za Tlatelolco

Asubuhi ya tarehe 19 Septemba 1985, tetemeko la ardhi liliangusha sehemu mbili kati ya tatu za jengo la Nuevo León mjini Mexico City, na mamia ya wakazi wakafia chini ya kifusi. Jengo hilo lilikuwa katika mtaa wa Tlatelolco, uliosanifiwa na Mario Pani (1911–1993), na tangu siku hiyo wapo wanaoamini kwamba azma yake ya kuwapa watu wa kawaida makazi ya ghorofa ndefu ilikuwa kosa tangu mwanzo.

Hoja yao ina uzito. Tlatelolco, uliokamilika mwaka 1964, ulikuwa na majengo zaidi ya 100 na fleti zinazokaribia 12,000, juu ya udongo laini wa ziwa la kale. Mradi mwingine wa makazi wa Pani, Juárez, nao uliharibiwa vibaya na tetemeko lile lile.

Hata hivyo, upo mtaa wa Miguel Alemán, ambao wakosoaji wa Pani huupitia haraka mno. Serikali ilikuwa imekusudia nyumba 200 za watumishi wake. Pani akashawishi zijengwe fleti zaidi ya 1,000 katika kiwanja hicho hicho, huku sehemu kubwa ya ardhi ikiachwa wazi kwa bustani. Ulifunguliwa mwaka 1949, ukastahimili tetemeko la 1985, na hadi leo unakaliwa. Kwa hiyo urefu peke yake hauwezi kuwa mshtakiwa.

Wakazi wa Nuevo León walikuwa wamelalamikia hali ya jengo lao kabla ya maafa, wala hawakusikilizwa ipasavyo. Hapo lawama inawaelemea zaidi waliokabidhiwa matunzo. Lakini simwondoi Pani kabisa: mpwa huyu wa waziri wa fedha, aliyezoea kufanya kazi karibu na wakubwa, alisanifu makazi ambayo usalama wake ulitegemea serikali kuyatunza kwa miongo mingi, na utegemezi huo ulikuwa sehemu ya usanifu wenyewe sawa na zege na nondo.

Baada ya tetemeko, baadhi ya majengo ya Tlatelolco yalibomolewa, mengine yakapunguzwa ghorofa na kuimarishwa. Kazi hiyo iliwezekana, ila ilifanywa baada ya mazishi.