Mama Mkwe na Mitutu ya Bafuni

Kwa kuwa shemeji ameshatuma sauti kwenye grupu la ukoo eti mama mkwe kakuta bunduki bafuni akazimia, nisikilizeni mimi. Hakuzimia. Afadhali angezimia, Mungu anisamehe.

Mzee jirani yetu hapa Minnesota alinipa mitutu ya bunduki yake ya kuwindia bata, niirudishie weusi wake. Ile mitutu pacha imeungwa kwa lehemu laini. Ukiitia weusi kwa njia ya siku hizi, kuichovya kwenye chumvi kali zinazochemka, inaachana. Kwa hiyo ni njia ya wazee: unapaka dawa kiduchu, unaacha ishike kutu nyekundu, unachemsha kwenye maji safi yasiyo na madini (yale ya kuongezea betri, si asidi) kutu igeuke nyeusi, unasugua kwa stilwaya laini isiyo na mafuta, unarudia. Kidole kitupu hakigusi! Sasa huku wakati wa baridi hita zinakausha hewa, kutu inagoma. Nikaitundika bafuni, nikafungulia maji ya moto, mvuke ukajaa. Kutu ikaota laini, sawasawa, kama unga wa mdalasini. Nikajiona fundi. Nikamwita mzee aje ashuhudie. (Ndiyo, niliita watu. Chekeni tu.)

Maji yanachemka. Nashusha mitutu taratibu, kwa koleo, na glavu zangu mpya. Juu ya maji likaibuka jicho moja la mafuta. Likaja la pili. Halafu harufu... nazi. Mzee akavuta pumzi, akatabasamu, akauliza tunapika nini. Nikainua. Huku nyeusi, kule chuma kitupu kinang'aa, na katikati michirizi ya vidole vinne, imenyooka vizuri kabisa.

Sauti ikatoka sebuleni: "Baba, yale mabomba yenu ya bafuni yameoza kutu! Nimeyafuta na mafuta yangu ya Tanga. Mwambieni mwenye nyumba awabadilishie."

Wenye wakwe mnanielewa. Nilifungua mdomo, nikajisikia nasema, "Ahsante sana, mama." Mke wangu kakimbilia chumbani, kajiziba na mto.

Basi, msasa, asetoni, nikaanza upya. Mzee hana haraka, ila anadai wali wa nazi. Mitutu sasa iko kwake, kabatini, na beseni la maji ya moto chini yake.

Mama jana kauliza mabomba yako wapi. Nimemwambia mwenye nyumba kayabadilisha. Kafurahi sana.