Mawe ya Menkaure: kuyarudisha ukutani au kuyaacha chini?

Januari 2024, Mostafa Waziri, wakati huo katibu mkuu wa Baraza Kuu la Mambo ya Kale la Misri, alitangaza kwa video mpango aliouita mradi wa karne. Mawe ya graniti yaliyoanguka kutoka piramidi ya farao Menkaure, ndogo kuliko zote tatu kuu za Giza, yangerudishwa ukutani na kikosi cha Wamisri na Wajapani kwa muda wa miaka 3. Kelele zikapigwa kila upande, na kabla Februari haijaisha kamati ya wataalamu chini ya Zahi Hawass, mwanaakiolojia mashuhuri wa Misri, ikaukataa mpango huo kwa kauli moja. Naiunga mkono kamati, ila hoja za waliotaka mawe yarudi zinastahili kusikilizwa kwanza.

Piramidi hii haikuharibiwa na umri peke yake. Mwaka 1196 Sultani al-Aziz Uthman, mwana wa Salahuddin, aliamuru ibomolewe. Vibarua walihangaika miezi 8, wakashindwa, wakaacha jeraha refu upande wa kaskazini ambalo lipo hadi leo. Mwaka 1837 Mwingereza Howard Vyse akaja na baruti. Jeneza la jiwe alilolikuta ndani lilipakiwa melini kupelekwa Uingereza, na mwaka uliofuata meli ikazama nalo. Kwa historia ya namna hiyo, Mmisri anayetaka kuona angalau jiwe moja likirudi kwao hana kosa.

Tena, kuunganisha mabaki ya kale si haramu. Mkataba wa Venice wa 1964, unaofuatwa na wahifadhi duniani, unaruhusu vipande asilia vilivyotawanyika viunganishwe. Kule Saqqara, eneo jingine la makaburi ya kale ya Misri, Mfaransa Jean-Philippe Lauer alianza kazi mwaka 1926 kwenye majengo yanayoizunguka piramidi ya mfalme Djoser, akaendelea kwa miongo kadhaa, na leo mgeni anaingia kwa kupita kati ya nguzo alizozisimamisha.

Lakini mkataba huohuo unasema ukarabati ukome pale kubahatisha kunapoanza, na hapo ndipo Giza inapotofautiana na Saqqara. Kipande cha nguzo kina mchoro na mzingo unaoonyesha jirani yake. Piramidi ya Menkaure ilivikwa takriban safu 16 za graniti kutoka Aswan, ambazo 7 ndizo zilizosalia, na kamati ilisema haiwezekani kujua jiwe lipi lilikaa wapi. Ukilipandisha kwa kukisia unakuwa umejenga ukuta wa karne ya 21 kwa mawe ya miaka 4,500, na saruji juu yake.

Kuna jambo jingine ambalo kwangu ni zito zaidi. Sehemu kubwa ya graniti iliyobaki ukutani haikusawazishwa kamwe: uso wa mawe umevimba, na bado yana vinundu vilivyoachwa na wajenzi. Palipolainishwa ni karibu na mlango wa kaskazini na nyuma ya hekalu la mashariki. Menkaure alifariki kazi haijakwisha, na mrithi wake Shepseskaf akalimalizia hekalu kwa matofali ya udongo. Kwa hiyo piramidi hii inatuonyesha mafundi wakiwa katikati ya kazi, kitu ambacho ile ya Khufu, kwa ukubwa wake wote, haituonyeshi namna hiyo. Kule juu mawe ya ndani yaliyobaki wazi nayo yanafundisha jinsi safu zilivyopangwa. Kuyafunika ni kufunga ukurasa tunaoendelea kuusoma.

Hoja ya utalii naipa uzito mdogo, kwa sababu watu wanafurika Giza jinsi ilivyo.

Kazi inayofaa sasa ni ya pole pole. Kila jiwe lililolala chini lipimwe, lipigwe picha pande zote, lipewe namba, na alama za patasi zilinganishwe na za ukutani. Yakipatikana mawe ambayo nafasi yake inathibitika bila shaka, kamati nyingine ikae na kulifungua suala hili upya.