Kidunda ni ghala, si bomba

Habari niliyoisoma inaeleza Bwawa la Kidunda, mkoani Morogoro, kana kwamba maji yake yatasafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam, jambo ambalo si sahihi. Bwawa hilo, lenye uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 190, litakinga maji ya masika na kuyaachia kidogo kidogo katika Mto Ruvu wakati wa kiangazi, ili mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, inayosafisha maji ya mto huo na kuyapeleka Dar es Salaam, isikose maji ya kuvuta kama ilivyotokea mwaka 2022, wakazi wa jiji tulipopata maji kwa mgawo. Umeme wa megawati 20 ni faida ya ziada tu. Ninachohofia zaidi ni tope litokalo milima ya Uluguru, linaloweza kujaa bwawani na kupunguza nafasi ya maji.