Kulipia Kutwanga

Watu wa Kampala wana tabia ya kukushauri ukapumzike Sipi, na wote husahau kukuambia kwamba mahali penyewe pako kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ambako hata kwenda msalani ni kupanda au kushuka. Nyumba tuliyopanga sina neno nayo: ina baraza na viti vipana, na ukikaa hapo unaliona bonde la chini likienea kuelekea Ziwa Kyoga mpaka macho yachoke. Mtu mwenye akili timamu angeagiza chai akanyamaza. Lakini mwenyeji wetu alikuwa ametundika ukutani orodha ya mambo ya kufanya, na mke wangu akaisoma yote kwa sauti, kama risala mbele ya mgeni rasmi.

Maporomoko ya maji ya Sipi yako matatu, na lile kubwa lina kimo cha karibu mita 100. Mimi nililiona vizuri kutoka juu, ila iliamuliwa kwamba halijaonekana mpaka litazamwe kutoka chini. Basi tukateremka kwenye utelezi, tukaloweshwa na manyunyu, kisha tukapanda kurudi pale pale tulipokuwa. Nilipokuwa nimekumbatia mti nikitafuta pumzi, walinipita watoto wa shule wakikimbia, tena wakipanda, tena wakicheka, na mmoja wao akaniambia, "Pole, mzee." Kijana aliyetuongoza akanieleza kwa fahari kwamba Joshua Cheptegei, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 2020 kwa dakika 26 na sekunde 11, ni mtu wa huku huku Kapchorwa. Nikamjibu kwamba sina ugomvi na Cheptegei, ila yeye rekodi hiyo aliiweka mahali palipo tambarare, tena akalipwa.

Kuna pia kuteremka jabali kwa kamba kando ya maporomoko hayo. Hilo nililikataa kwa neno moja.

Lililoniuma hasa ni kahawa. Huku hulimwa arabika, inayopenda baridi ya milimani, na mgeni hutoa fedha zake ili apelekwe shambani achume buni nyekundu, azimenye, kisha apewe nyingine zilizokwisha kukauka azitwange kwenye kinu mpaka maganda yatoke, azipepete kwenye ungo, azikaange juu ya moto wa kuni huku moshi ukimtoa machozi, halafu azitwange tena mpaka ziwe unga. Mimi ni mzaliwa wa Bugisu, upande wa pili wa mlima huu huu, na nilihamia Kampala kwa kuukimbia mchi. Nyanya yangu alinitwangisha utoto wangu wote bila kunitoza hata senti, na sasa ndipo ninapotambua jinsi marehemu alivyokuwa karimu.

Mama mwenye shamba alinitazama nikishika mchi, akasema, "Wewe si mgeni wa kazi hii," akanisogezea na kinu cha pili, huku wenzangu wakipigana picha. Nilipoomba nipunguziwe bei kwa kuwa nilitwanga na sehemu yao, alicheka sana, akanimiminia kikombe kilichojaa, akasema kwamba mtu anayetwanga vizuri namna hii anakaribishwa tena kesho alfajiri, kwa bei ile ile. Mke wangu alikuwa amekwisha kulipa.