Bayocha haimfai kila kuvu wa mizizi

Wanaoinadi bayocha, yaani makaa yanayochomwa kwenye hewa haba ili yachanganywe na udongo, hawakosi kuahidi kwamba itawastawisha mikoriza. Hawa ni kuvu wanaoishi kwenye mizizi, wakiuletea mmea fosforasi nao wakilipwa sukari. Ahadi ina mashiko, ila si katika kila shamba.

Utetezi wake mkubwa uko kwenye udongo wenye tindikali kali, ambao huifunga fosforasi na kuiachia aluminiamu idhuru mizizi. Bayocha nyingi hupunguza tindikali hiyo. Isitoshe, huenda vitundu vyake vikawapa kuvu maficho dhidi ya vidudu wanaotafuna nyuzi zao. Mwaka 2014 Edith Hammer na wenzake walionyesha kwamba nyuzi hizo huota hadi kwenye makaa na kuchota fosforasi humo.

Lakini Daniel Warnock, ambaye mwaka 2007 aliongoza mapitio yaliyoeleza jinsi bayocha inavyoweza kuwasaidia kuvu hawa, mwaka 2010 alichapisha majaribio ambamo mara nyingi walipungua. Kupungua huko kunaweza kuwa na sababu kadhaa. Bayocha ya samadi huja na fosforasi yake, na mmea ulioshiba hauoni haja ya kutoa sukari. Makaa pia hunasa kemikali ambazo mizizi huzitoa kuwaita kuvu. Yakichomwa vibaya, hubaki na lami yenye sumu.

Kwa maoni yangu, mjadala huu unapotoshwa na kipimo chake: asilimia ya mzizi iliyoingiwa na kuvu. Ikishuka kwa sababu mmea umeshiba, mkulima hajapoteza kitu msimu huo. Ikishuka kwa sababu wito umenaswa njiani huku fosforasi ikiwa haba, hapo kuna hasara. Namba ileile, habari mbili tofauti kabisa.

Uchambuzi wa Simon Jeffery na wenzake wa mwaka 2017 uliona mavuno ya nchi za tropiki yakipanda palipotiwa bayocha kwa wastani wa asilimia 25 hivi, ilhali katika kanda za baridi hayakupanda. Sifa hiyo tusikimbilie kuwapa kuvu: chokaa nayo hupunguza tindikali. Jaribio lisilo na tuta la chokaa kando ya tuta la bayocha haliwezi kutuambia nani kafanya kazi. Na kwa kuwa makaa hukaa ardhini kwa mamia ya miaka, tuta hilo litangulie kabla ya shamba zima.