Simu inaona, au inakisia?

Hapa Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, mwaloni tunakoanika dagaa, kuna mama mmoja mtu mzima ambaye hunyanyua pua juu kama anayenusa mchuzi wa jirani, kisha hutamka neno moja tu: "Anueni." Hatoi sababu. Robo saa haiishi, mvua imeshuka. Mimi nina simu yenye programu ya rada ya mvua, ramani ya rangi, na msimu wa vuli uliopita nilishindana naye mara mbili. Zote mbili nilishindwa. Kosa halikuwa la simu, wala la wingu. Nilikuwa sijui ninachokitazama.

Programu yenyewe nilielekezwa na mdogo wangu anayeishi Wichita, jimbo la Kansas, Marekani. Kule Aprili mpaka Juni mbingu hazina adabu: mawe ya barafu, na vile vimbunga vya nchi kavu vinavyozunguka kama pia. Siku moja tunaongea kwa video akanigeuzia skrini. "Dada, ona hili doa jekundu. Liko magharibi ya mji, dakika ishirini litakuwa hapa kwangu." Tukaendelea na habari za nyumbani, nani kaoa, nani kapaua, na kweli kabla hatujaagana nikasikia matone yanapiga juu ya gari lake. Nikasema moyoni, hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta miaka yote.

Nikaipakua usiku uleule. Ikaomba ruhusa ya kujua nilipo saa zote, nikaipa. (Usifanye hivyo. Ipe ruhusa pale unapoitumia tu, la sivyo chaji inakwisha kabla ya adhuhuri.) Wiki ya kwanza, saa tatu asubuhi, nikaona doa la njano lenye kiini chekundu linatoka upande wa Magu linakuja kwetu. Nikapiga kelele mwalo mzima. Mama akatazama juu, akaendelea kugeuza dagaa wake. "Mwanangu, mvua gani hiyo?" Nikaanua ndoo 30 peke yangu na vijana wawili wa kulipwa. Jua liliwaka mpaka magharibi.

Siku nne baadaye ramani ilikuwa safi kama sahani iliyoramb­wa. Mama akasema anueni. Nikamsogezea simu, kwa heshima lakini na kiburi kidogo ndani yake: "Mama, hapa hakuna kitu." Akanitazama, akaanua. Mvua ilinikuta katikati ya chanja. Dagaa wakilowa wakiwa nusu wamekauka hawarudi tena. Vichwa vinakatika, rangi ya fedha inageuka kahawia, harufu inabadilika. Niliwauza kwa watengenezaji wa chakula cha kuku kwa bei ambayo sitaiandika hapa.

Baada ya hapo ndipo nilipotulia nikajifunza, jambo ambalo ningelifanya kabla ya kupiga kelele.

Rada ya hali ya hewa hutuma mapigo ya mawimbi ya redio angani. Yakigonga matone ya mvua, sehemu yake hurudi kama mwangwi. Muda wa kurudi unaeleza umbali, na nguvu ya mwangwi inaeleza ukubwa na wingi wa matone. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, rada zilipokuwa zikisaka ndege za adui, mvua ilikuwa kero kwenye skrini. Baadaye watu wa hali ya hewa wakaona ile kero ndiyo mali. Kwa hiyo rada inaona mvua iliyopo. Haitabiri chochote. Anayetabiri ni wewe, kwa kutazama doa limetembea vipi.

Marekani wana rada zaidi ya 150 katika mtandao uitwao NEXRAD, nyingi zilifungwa miaka ya 1990, na moja iko hapohapo Wichita. Mvua inaponyesha, picha mpya hutoka kila baada ya dakika 4 hadi 6. Takwimu zake ni mali ya umma, kila mtengeneza programu anazichota bure. Mdogo wangu hakuwa na simu ya ajabu. Alikuwa na rada jirani na mlango wa kuingilia kwenye takwimu zake.

Sasa njoo Mwanza. Rada tunayo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ilifunga ya pili nchini hapa baada ya ile ya Dar es Salaam, na nyingine zikafuata Mtwara, Mbeya na Kigoma. Lakini rada kuwepo mjini ni habari moja, na programu iliyotengenezwa ng'ambo kuchota picha zake ni habari nyingine kabisa. Niliyoipakua haikuwa inazichota. Ingeweza kuacha ramani wazi na kuandika kwamba hapa haioni. Yenyewe ilijaza pengo kwa utabiri wa kompyuta, ikaupaka rangi zilezile za rada. Doa langu jekundu la Magu halikuwa wingu. Lilikuwa hesabu.

Sizidharau hizo hesabu. Mfumo wa kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, ECMWF, unaigawa dunia katika miraba ya takriban kilomita 9, na ule wa Marekani, GFS, una miraba mikubwa zaidi na hupigwa mara nne kwa siku. Ukitaka kujua kama wiki ijayo inafaa kununua mzigo mkubwa, tazama hizo. Ila wingu la radi la huku kwetu linaweza kuwa na upana wa kilomita tano, likazaliwa saa saba mchana na kufa saa nane. Mraba mmoja wa kompyuta unameza Igombe nzima na majirani zake. Ndani yake mvua ni wastani, na dagaa hawaloi kwa wastani.

Ndiyo maana nasema, ukipakua programu ya rada leo, usianze na rangi. Anza kwa kuibana: hapa nilipo mimi, inaona au inakisia? Baadhi zina mahali pa kuonyesha eneo linalofikiwa na rada, kwa kawaida miduara juu ya ramani, na nje ya miduara panakuwa na kijivu. Ukijikuta kwenye kijivu, umeshajibiwa. Isipokuwepo, vuta ule mstari wa muda chini ya ramani. Rada ina historia, itakuonyesha saa moja au mbili zilizopita. Ikiwa picha zinaanza sasa na kwenda mbele mpaka kesho, huo ni utabiri hata ukipakwa rangi gani. Na kuna programu zinazounganisha vyote kwenye mstari mmoja: kushoto yaliyopita, kulia yajayo, katikati kijistari chembamba ambacho mtu mwenye haraka hakioni. Mimi nilikuwa mtu mwenye haraka.

Halafu tazama saa iliyoandikwa kwenye picha, kabla hata ya kutazama picha. Picha ya dakika arobaini zilizopita ni picha ya mvua iliyokwisha kunyesha. Baadhi ya programu huandika saa za UTC, yaani saa ya kimataifa, na hapa wazungumzaji wa Kiswahili tuna njia ya mkato ambayo sijaiona imeandikwa popote: toa 3 kwenye namba ya UTC, unapata saa yetu. 06:00 ni saa tatu asubuhi. 09:00 ni saa sita mchana. 15:00 ni saa kumi na mbili jioni. Ikizidi kumi na mbili, toa 12 tena. 20:00 ni saa tano usiku. Mdogo wangu, aliyezoea kuhesabu kama wenyeji wake, alicheka nilipomwambia, kisha akakiri kwamba inafanya kazi.

Rangi sasa. Huwa zinapimwa kwa kipimo kiitwacho dBZ. Kwenye 20 ni manyunyu, 40 ni mvua kamili, 50 na kuendelea ni ile ya kusombesha viatu mlangoni, na kupita 60 mara nyingi kuna barafu ndani. Ngazi zake si kama za rula: kila ukipanda 10, nguvu ya mwangwi inakuwa mara kumi. Kila programu ina rangi zake, kwa hiyo nyekundu ya moja si nyekundu ya nyingine; soma ufunguo wa pembeni.

Kwa aliyeko mahali penye rada kweli, kama ndugu zetu wa Marekani au Ulaya, hesabu yenyewe ni ya dukani. Doa limetembea kilomita 10 kwa dakika 20. Liko kilomita 15 kutoka kwako. Una nusu saa ya kuanua nguo. Usiende mbali zaidi ya hapo, maana ndani ya saa moja wingu huweza kufa, kuzaa jingine au kugeuka, na mshale wa programu unaoonyesha litakakokuwa baada ya saa mbili mimi siuamini hata kwa Wichita.

Na hata rada ya kweli ina upofu wake. Fikiria mvuvi anayemulika tochi akiwa ameiinua kidogo: karibu naye mwanga uko juu ya maji, mbali unapita hewani. Mwale wa rada nao huanza umeinuliwa kidogo, kisha dunia yenyewe inapinda chini yake. Ukiwa kilomita 200 kutoka kwenye rada, mwale wa chini kabisa uko takriban kilomita 4 juu ya kichwa chako. Unaweza kuona mvua inayokauka kabla ya kufika ardhini, au ukapita juu ya mvua inayokulowesha. Milima nayo huuziba. Na wakati mwingine rada huona visivyo mvua kabisa. Kule La Crosse, Wisconsin, kwenye mto Mississippi, kuna wadudu wanaoibuka majini kwa wingi majira ya joto, na rada huwaonyesha kama wingu linalopanda kutoka mtoni. Sisi wa ziwani, tunaowajua wale wadudu wadogo wanaopanda juu ya maji kama moshi wa kijiji kinachoungua, hatushangai.

Basi mimi natumia nini? Setilaiti. Programu nyingi zina tabaka lake, na juu ya Afrika picha hutoka kwenye Meteosat za Ulaya, mpya kila baada ya dakika 10 hadi 15. Nachagua ile ya joto la mawingu, kwa sababu inafanya kazi hata usiku. Kilele cha wingu la radi huwa baridi mno, hata nyuzi 60 chini ya sifuri, na kwenye ramani huwaka rangi tofauti na mawingu mengine. Ina udanganyifu wake: setilaiti inaona paa la nyumba, haioni kama ndani kunavuja. Wingu la radi hutandaza utando wa barafu mbali na penye mvua, na utando huo nao ni baridi. Ninachofanya ni kurudisha picha za saa moja nyuma na kutazama kiini, kinakua au kinachakaa, na kinaelekea wapi. Napunguza ukubwa wa ramani kwanza, maana kuchezesha picha hizo kunakula bando kama mchwa.

Pia nimejifunza tabia ya ziwa lenyewe, ambayo mama anaijua bila ramani. Mchana nchi kavu inapata joto haraka, upepo unatoka ziwani, mawingu yanajengeka juu ya ardhi. Usiku nchi inapoa, upepo unageuka kuelekea ziwani kutoka kila upande, unakutana juu ya maji yenye uvuguvugu, hewa inakosa pa kwenda isipokuwa juu. Radi zinapiga kule kati mpaka alfajiri. Ni saa zilezile vijana wetu wa dagaa wako huko na taa zao, maana dagaa huvuliwa gizani. Kwa usiku wa namna hiyo sitaki mtu yeyote ategemee simu yangu na rangi zake. Hapo ni taarifa ya TMA tu, na inafaa kujua ngazi zake: angalizo ni njano, tahadhari ni rangi ya chungwa, tahadhari kubwa ni nyekundu. Hizo huandikwa na watu wenye rada mbele yao. Natamani sana siku moja nasi tufungue picha za rada ya Mwanza ndani ya programu yoyote tunayoipenda, kama mdogo wangu anavyofungua ya kwao. Hadi hapo, nikipata taarifa naituma kwenye kundi la mwalo kama ilivyo, bila kuongeza neno.

Juzi asubuhi mama amenyanyua pua. Nami nikafungua setilaiti: mawingu yamejaa upande wa Ukerewe, yanasogea magharibi, kiini kinachakaa.

"Hiyo simu inasemaje?" akaniuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kuuliza.

"Mama, inasema hayatuhusu. Tusubiri kidogo."

"Haya. Mimi naanua."

Nikamtazama, nikaitazama simu, nikakumbuka wale kuku. Nikaanua. Mvua haikuja.